Mdogo wangu kakamatwa na kete tatu, kuna mahakama ya kumpeleka tiba badala ya jela?

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Naishi Uyole hapa Mbeya. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, alikuwa utingo wa malori ya Tunduma na huko ndo alikojifunzia unga (heroini), sasa ni mwaka wa nne. Mwezi uliopita kakamatwa Mwanjelwa na kete tatu. Yuko nje kwa dhamana, mjomba ndo kamdhamini, kesi imetajwa mara mbili tunaambiwa upelelezi bado. Nimeona kwenye simu kwamba Marekani kuna mahakama haimfungi mraibu, inampeleka tiba na hakimu anamfuatilia mwenyewe. Na sisi tunayo? Mama anasema bora afungwe tu akapate akili. Naomba ushauri.

Jibu:

Dada pole sana, na shikamoo yangu imfikie mama. Nikujibu la kwanza haraka maana najua ndo unalolisubiri: hapana, huku Bara mahakama ya namna hiyo hatuna. Ila usizime simu hapo, kwa sababu vile vipande ambavyo wenzetu wamevikusanya wakaviita mahakama, vingi na sisi tunavyo, vimetawanyika tu, kimoja kiko kwa hakimu, kingine hospitali, kingine ofisi ya probesheni, yani ya uangalizi wa wakosaji, na kingine, ambacho ndo kigumu kuliko vyote, kiko hapohapo kwenu nyumbani. Kazi ya kuvikusanya ndo haina mwenyewe. Nimekaa na mafaili ya vijana wa aina ya mdogo wako miaka mingi, na walionusurika karibu wote walikuwa na ndugu mmoja king'ang'anizi, yani mtu wa kutembea na bahasha toka ofisi hii mpaka ile hata akiambiwa njoo kesho mara nne. Kwa ulivyoandika naona kwenu huyo ni wewe.

Nianze na hiyo ya Marekani kidogo, maana kuna kitu ndani yake utakihitaji. Ilianzia Miami, jimbo la Florida, mwaka 1989. Mji ulikuwa umefurika kesi za kokeini, magereza yamejaa, na mahakimu wanamwona mtu yuleyule anarudi kizimbani kila baada ya miezi kadhaa, anafungwa, anatoka, anarudi. Mkuu wa mashtaka wa pale wakati huo alikuwa Janet Reno, yule aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani nzima, na hakimu wa kwanza kukaa kwenye hiyo mahakama alikuwa Stanley Goldstein. Ikaenea, leo Marekani peke yake zipo maelfu, Kanada walifungua ya kwao Toronto mwaka 1998, Australia wakafungua Parramatta mwaka 1999.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mtu anakamatwa na kosa linalotokana na utumiaji, kesi inasimamishwa, au anakiri kosa lakini adhabu inawekwa kiporo. Anaingia kwenye tiba, mwaka mmoja au zaidi, anapimwa mkojo bila kuambiwa siku, na mwanzoni karibu kila wiki mbili anarudi kusimama mbele ya hakimu yuleyule. Hakimu ana karatasi mbele yake, anamuuliza umelala wapi wiki hii, kazi umepata, mkojo wako wa Jumanne umesoma nini, mbona kikao cha Alhamisi hukuonekana. Akiwa amefanya vizuri anasifiwa mbele ya watu na wanampigia makofi mlemle mahakamani. Akiwa amekosea anapewa adhabu ndogo ya papo hapo, siku mbili tatu mahabusu au kazi za jamii, kisha anaendelea na tiba, hafukuzwi kwa kuteleza mara moja. Akimaliza, kesi inafutwa au ile adhabu ya kiporo inaondolewa.

Sasa fikiria ya kwetu. Na sisi mshtakiwa anarudi mahakamani kila baada ya siku kadhaa, wewe mwenyewe umeshaenda mara mbili, lakini kinachoulizwa ni upelelezi umefikia wapi. Yeye haulizwi kitu. Anasimama, jina linaitwa, anaambiwa tarehe nyingine, anatoka, na jioni yuko maskani. Nauli ileile, benchi lilelile, tofauti ni swali tu. Na mi naamini kabisa nguvu ya zile mahakama iko kwenye hilo swali, kwamba kuna mtu mmoja mwenye mamlaka anayekujua kwa jina na atakuuliza tena baada ya siku 14, kuliko hata kwenye vitisho vya jela. Hilo shika, ntalirudia.

Wala usidhani kule ni peponi. Wauzaji na wenye kesi za kuumiza watu mara nyingi hawapokelewi, wanaoshindwa njiani wengine huishia na kifungo kirefu kuliko ambacho wangepata wangekubali adhabu mapema, na kwa miaka mingi baadhi ya hizo mahakama zilikuwa zinawakatalia watu methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa heroini, hakimu asiye daktari anamwambia mgonjwa aache dawa ndo ahesabike kapona. Yapo ya kuiga na yapo ya kuacha.

Turudi Mwanjelwa. Dada kitu ambacho hujakiandika kwenye swali lako ndo kikubwa kuliko vyote: ameshtakiwa kwa kosa gani? Naomba kabla hujafanya chochote uione hati ya mashtaka kwa macho yako, usikubali kuambiwa "kesi ya unga" tu. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na ilivyorekebishwa 2017, ina milango miwili ambayo kwa jirani yako inaonekana mmoja. Mlango wa kwanza ni kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, hicho ni kifungu cha 17, adhabu yake ni faini au kifungo cha miaka inayohesabika kwa vidole. Mlango wa pili ni kusafirisha, hapo unakutana na kifungu cha 15 ambacho ni maisha, au 15A kwa kiasi kidogo ambacho ni miaka 30. Umesoma vizuri, thelathini. Na usidanganywe na hilo neno kusafirisha ukaona aah, yeye alikuwa amesimama tu kijiweni wala hakuwa na gari, kwa sababu tafsiri ya sheria imelipanua sana, kununua imo, kuuza imo, kutunza imo, hata kuwa nayo mkononi imo. Kwa hiyo kete tatu zilezile zinaweza kuandikwa hivi au vile, inategemea mazingira aliyokamatwa, alikutwa na hela za chenji nyingi au hapana, kulikuwa na wateja, mwenyewe alisema nini polisi.

Ndo maana nakusihi, asikiri kosa lolote kabla mtu wa sheria hajaisoma ile hati. Nimeshaona kijana mmoja, siyo wa hapa mjini, alikuwa ameshauriwa na wazee wa ukoo kwamba akikubali haraka hakimu atamwonea huruma, akasimama akasema ni kweli mheshimiwa, na hati ilikuwa ya kusafirisha. Huruma ya hakimu pale haina pa kupita, sheria imeshafunga. Wakili anaweza kuandika Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kuomba hati iangaliwe upya kama ushahidi wote unaonyesha ni mtumiaji, na hati inaweza kubadilishwa kabla ya hukumu. Hilo hufanyika kabla ya kusomewa hoja za awali, siyo siku ya hukumu mnakimbizana kwenye korido. Kama hela ya wakili hakuna, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo kwenye halmashauri na watoa msaada waliosajiliwa wapo mjini, ulizia ustawi wa jamii au palepale mahakamani kwa karani. Na hati ikiwa haieleweki omba usomewe kwa Kiswahili taratibu, tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama kisheria, usione aibu.

Niseme la mama sasa, maana naona hapo ndo penye mzigo.

Mama simlaumu hata kidogo. Mtu aliyeibiwa sufuria, akaibiwa simu, akaibiwa mpaka mabati yaliyoegeshwa nyuma ya nyumba, akisikia neno jela anasikia usingizi wa usiku mmoja. Lakini hesabu ya jela kwa mtu wa heroini iko hivi, umweleze kwa upole. Saa 8 mpaka 12 baada ya kete ya mwisho arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inaanza, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, baada ya wiki hivi mwili unatulia. Kwa hiyo ndiyo, ndani atapoa, atanenepa, mtaenda kumtembelea mtamkuta anacheka mnasema kapona. Kilichopoa ni mwili. Ubongo bado unakumbuka, na wakati huohuo ule uwezo wa mwili kuhimili dozi umeshuka mpaka chini. Siku anayotoka, akapita tu maskani kusalimia wenzake, anachukua kiasi kilekile alichozoea kabla ya kufungwa. Mwili haukiwezi tena, anaacha kupumua. Hizi wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ndo wiki za hatari kuliko zote kwenye maisha ya mtumiaji wa heroini, hili limepimwa nchi nyingi na jibu ni lilelile. Mi mwenyewe nimehudhuria mazishi mawili ya namna hiyo, la pili kijana alitoka Jumatatu tukamzika Alhamisi, na shati alilozikwa nalo ndo lile alilonunuliwa la kurudi nalo nyumbani.

Mama akishasikia hilo usibishane naye zaidi. Muulize tu yuko tayari kukaa naye kwa masharti gani. Jibu lake utalihitaji, ntakwambia wapi.

Tiba yenyewe. Kwa bahati nyie mko Mbeya, mngekuwa Makete au Ludewa ningekuwa naandika barua nyingine. Methadoni ilianza Tanzania Muhimbili mwaka 2011 ikaenda kusambaa mikoani, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya wana kliniki yake. Ni bure. Huingii kama unavyoingia kumwona daktari wa meno, mara nyingi unapitia asasi zinazofanya kazi na waraibu mitaani, wanawaandaa, kuna vikao, kuna kipimo cha mkojo, kuna maswali mengi, na wanataka ndugu wa kusimama naye. Hapo ndugu ni wewe, kwa hiyo andaa asubuhi zako.

Ukifika utaona dirisha. Watu wamejipanga na majaketi na kofia za sufu, kuna baridi ile ya Mbeya ya kutoa moshi mdomoni, mmoja mmoja anaita namba yake, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya nesi, anapewa maji juu yake, halafu nesi anamsemesha. Habari za nyumbani, mtoto anaendeleaje. Ukidhani ni salamu tu umekosea, anataka afungue mdomo aone kameza, maana kuna wanaoishikilia mdomoni wakaiuze nje. Dakika moja imeisha, anatoka anaenda kazini. Ile dawa inamshika siku nzima, halewi na hapati arosto, ndo maana anaweza kuendesha bajaji au kubeba viazi sokoni kama watu wengine. Dozi inaanza chini inapandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo siku za mwanzo atasema haimtoshi na atakuwa mkali, msiseme dawa haifanyi kazi. Akikosa siku kadhaa mfululizo wanaweza kuanza naye upya chini. Asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, mchanganyiko huo unaua, na kama ana TB asifiche, kuna dawa ya TB inaitwa rifampisini inaila methadoni mwilini na arosto inarudi akiwa bado anakunywa dozi yake, wakijua wanampandishia.

Shida ya kweli ni nauli. Uyole mpaka hospitali kwenda na kurudi, kila siku, Jumapili imo, Krismasi imo. Kaa chini na mjomba mpige hesabu mara 30 kabla hamjaanza, kwa sababu nimeona wengi wakishindwa kwa ajili ya nauli kuliko kwa ajili ya unga, na hakuna anayeandika hilo kwenye ripoti. Kuna familia moja walimhamishia kijana kwa shangazi anayekaa jirani na hospitali kwa miezi sita ya kwanza, akawa anatembea kwa miguu. Ilisaidia kuliko ushauri nasaha wangu wote.

Nikumbushe kwa wengine mnaosoma, methadoni ni ya heroini na ndugu zake tu. Huku nyanda za juu kesi nyingi tunazoziona ni za bhangi, na mtu wa bhangi hakuna kikombe cha kumpa, ni ushauri nasaha na kubadilisha mazingira. Na yule mzee aliyekamatwa na shamba la bhangi nyuma ya mahindi kule milimani hii habari ya tiba haimuhusu, yeye uraibu wake ni ada za watoto, hiyo ni mada nyingine kabisa.

Soba hausi, yani nyumba za kukaa waraibu wakiacha dawa, zipo pia na zingine zinafanya kazi nzuri, ila uende na macho. Ulizia kama imesajiliwa na inatambulika na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uliza nani anawaona wakiumwa, uliza kama mtaruhusiwa kumtembelea bila taarifa. Wakikataa hilo la mwisho ondoka. Niliwahi kuingia nyumba moja mkoa fulani nikakuta vijana wawili wamefungwa mnyororo kwenye nondo ya dirisha, msimamizi ananieleza kwa fahari kabisa kwamba hiyo ndo hatua ya kwanza. Familia zao zilikuwa zinalipa kila mwezi.

Haya, sasa hakimu. Tuseme hati ni ya kifungu cha 17, au imebadilishwa ikawa hiyo. Hapo ndo mlango upo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 38, inamruhusu hakimu amwachie mtu aliyetiwa hatiani kwa masharti, asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12, akivunja analetwa kuadhibiwa kwa kosa lilelile. Ipo Sheria ya Uangalizi wa Wakosaji, hii ndo inayokaribiana zaidi na uliyoiona kwenye simu, kwamba anakaa chini ya afisa probesheni kwa muda na masharti yanaandikwa kwenye amri, mfano akae kwa nani, aende kliniki gani. Ipo na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kifungo kisichozidi miaka mitatu kinaweza kugeuzwa kazi za jamii bila malipo, kufagia zahanati, kupanda miti, anarudi kulala kwake. Zote zipo vitabuni. Mbona hazitumiki sana? Kwa maoni yangu ni kwa sababu hakimu anapewa mtu bila mpango. Anaona kijana mchafu, hana anwani, hana mtu nyuma yake, faili lina kurasa nne. Amwachie aende wapi? Anaandika miezi sita, anaita kesi inayofuata.

Kwa hiyo mpe mpango. Kabla ya adhabu mahakama inaweza kuagiza afisa probesheni aandae ripoti ya uchunguzi wa kijamii, wakili aiombe hiyo kwa mdomo na iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Afisa atakuja mpaka Uyole, atamhoji mama, atahoji balozi na mtendaji. Hapo ndo lile jibu la mama linapohitajika. Mama akisema "mpelekeni popote mi sitaki kumwona" ripoti imekufa. Akisema atakaa naye, atalala chumba cha uani, hashiki ufunguo wa duka, saa moja usiku yuko ndani, na kila asubuhi dada yake anamsindikiza kunywa dawa, hayo ni masharti na hakimu anaweza kuyanakili kama yalivyo kwenye amri. Ukali wa mama hapo ni faida, usimwambie alainishe.

Kwenye bahasha weka barua ya kliniki inayosema ameandikishwa lini na amehudhuria siku ngapi, matokeo ya vipimo vya mkojo kama wanaweza kuyatoa, barua ya mtendaji, barua ya mtu anayekubali kumpa kazi hata kama ni kuosha bajaji, na karatasi moja ya masharti ya nyumbani imesainiwa na mama na mjomba. Barua ya tarehe ya wiki iliyopita ina uzito mdogo sana, hakimu si mtoto, anajua ukiogopa mvua unanunua mwavuli. Barua inayoonyesha miezi mitatu ya kunywa dawa kila siku, hiyo anaisoma mara mbili. Ndo maana nakwambia uanze sa hivi akiwa kwa dhamana, usisubiri amri ya mahakama, huo muda upelelezi unaochelewa kwa mara moja utakuwa umewasaidia. Sampuli zinaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, huwa inachukua muda, utumieni.

Ila angalizo, na hapa wengi wanajikwaa: hiyo bahasha mpe wakili, usiinuke mwenyewe ukaipeleka kwa hakimu wala kwa mpelelezi. Barua inayosema huyu ni mraibu wa heroini ni karatasi ya kuomba nafuu baada ya kutiwa hatiani kwa kutumia, lakini ikitua mapema kwenye kesi ambayo bado ni ya kusafirisha inaweza kusomwa kama kukiri kwamba zile kete ni zake. Wakili ndo ajue saa ya kuitoa.

Na siku ya mahakama awe amekunywa dozi yake asubuhi, omba kliniki wawahi kumhudumia. Nakuambia kwa sababu ya kijana mmoja wa Ilomba. Alipandishwa kizimbani mwezi wa saba, baridi kali, yeye shati limelowa jasho, anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanatoka, vinyweleo vimesimama mikononi. Hakimu akamuuliza unachoka na mahakama yangu? Akashindwa kujibu, akapiga mwayo mwingine. Watu wakacheka. Ile ilikuwa arosto tupu, miayo ni dalili kabisa, ila nani angemwambia hakimu, mi nilikuwa benchi la nyuma na faili la mtu mwingine. Alipewa miezi yake akaenda. Baadae yule hakimu nilimweleza kwenye korido, akanyamaza kidogo akaniuliza kwa hiyo wote wanaopigaga miayo? Nikamwambia siyo wote mheshimiwa. Tangu hapo alikuwa anauliza, na hiyo kwangu ilikuwa mahakama ya waraibu ya dakika tano.

Mkipata amri ya uangalizi, usiridhike ukalala. Afisa probesheni ana watu wengi na wilaya ni kubwa, akimwona mdogo wako mara moja kwa mwezi mshukuru. Lile swali la kila siku 14 nililokwambia inabidi mliulize wenyewe pale kwenu, na asiwe wewe, wewe unamsindikiza kila siku ameshakuzoea na atakudanganya vizuri sana. Mjomba aliyemdhamini anafaa, kaweka jina lake mahakamani. Kila Jumamosi ya pili akae naye, chai, bila kelele, amuulize palepale alipoishia. Kuhudhuria kliniki siku ngapi, hela ya nauli imeenda wapi, ulionana na nani. Mkojo wa heroini unasoma siku mbili tatu tu baada ya kutumia, kwa hiyo kama mtaomba kipimo kiwe cha kushtukiza, cha kupangiwa tarehe hakiwasaidii. Bhangi hukaa mwilini wiki kadhaa kwa mvutaji mkubwa, msije mkamfukuza kwa mkojo wa mwezi uliopita.

Na atateleza. Nakuandikia wazi ili siku hiyo msishangae, wengi huteleza hata mara mbili tatu kabla hawajashika. Akiteleza adhabu iwe ndogo na iwe leoleo, simu inakaa kwa mjomba wiki, Jumapili anachimba shimo la taka la jirani, chochote kinachouma kidogo na kinachoisha. Kesho asubuhi yuko dirishani na kikombe chake. Msimfungie nje usiku, kule nje kuna watu wanamsubiri na hawamwulizi maswali. Mkiona amezimia midomo imekuwa ya bluu na pumzi ni ya kuvuta kwa mbali, mlazeni ubavu na mkimbilie hospitali mkisema wazi katumia heroini, wana dawa ya kuigeuza ikiwahi, lakini wakidhani ni malaria muda unapotea.

Kwa sasa nenda kwa karani wa mahakama kesho asubuhi na namba ya kesi, omba kuiona hati ya mashtaka, uandike namba ya kifungu kwenye daftari na neno kwa neno maelezo ya kosa. Ukishaipata niandikie hapa. Kama ni 17 tunaanza na kliniki, kama ni 15A tunaanza na wakili, na kliniki iwe mchana wake.